GPS Iliyolia Njaa

Saa nane kasoro robo mchana, kioo cha GPS kilizimika mkononi mwa Najat, na ukungu ulikuwa umeshateremka hadi kwenye mashina ya miti. Hakikutoa hata mlio wa kuaga. Dakika moja nyuma kilikuwa kikionyesha mstari wa njia waliyopita tangu asubuhi, kutoka kambini mpaka bondeni. Dakika iliyofuata hapakuwa na mstari wala kambi. Najat akabonyeza kitufe, akakibonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba kitufe ndicho chenye kosa.

Walikuwa watu watatu ndani ya msitu wa Amani, upande ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuukanyaga kabla ya siku hiyo. Najat, mwanamke wa miaka ishirini na saba, kwao Tongoni, ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari na mtunza vifaa wa mradi wa kuhesabu miti. Mzee Asheri, Mshambaa wa miaka hamsini na minane, alikuwa mkwea miti. Kazi yake ilikuwa kupanda mpaka kileleni na kuteremsha majani na maua ya kupelekwa maabara, na alikuwa hodari hasa. Miguu yake ilikuwa imesomesha watoto watano. Wa tatu alikuwa mpwawe Asheri, Wilfred, mtu mzima mwenye familia yake, aliyebeba kamba, maji na chakula. Simu ya Najat ilibaki kambini ikichajiwa, maana huku mtandao hakuna. Ya Wilfred ilikuwa kitochi tu, simu ndogo isiyo na ramani.

Wilfred akauliza kama imezima. Najat akasema anabadilisha betri. Akatoa jozi ya akiba kwenye mfuko wa koti la mvua, akazitia. Kifaa kikawaka, kikaanza kutafuta setilaiti chini ya lile paa la majani, kikatafuta, kikatafuta, kisha kioo kikafifia na kuzimika tena. Hazikumaliza hata dakika tatu.

Sasa hapa tusimame kidogo, maana mkosi huu haukuanzia msituni. Ulianzia kambini miezi mitano nyuma, na ulianza kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana hadi leo unauma.

Najat alipoajiriwa na ule mradi, alikuta nyuma ya jiko la kambi shimo la taka lililojaa betri. Betri ndogo, zile za rimoti, zilizotumika siku mbili tatu na kutupwa. Zilikuwa zimeanza kutoa ukoga na kuvimba, na mvua ikinyesha maji ya shimo yaliteremkia kijito ambacho wanawake wa kijiji cha chini walichota maji ya kunywa. Binti wa watu akavaa glavu, akaziokota moja moja, akahesabu mia tatu na kumi na mbili. Akaondoka na gunia lake mpaka ofisini Tanga, akalimwaga juu ya meza ya bosi. Basi zikanunuliwa betri za kuchaji pamoja na chaja ya sola. Alifanya jambo la haki, na hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini zile GPS zilikuwa za zamani, zimeundwa kwa ajili ya zile betri za kutupa. Betri ya kutupa ikiwa mpya huwa na nguvu nyingi, halafu hupungua taratibu, na kifaa huisoma inavyopungua. Betri ya kuchaji haiko hivyo. Hata ikijaa pomoni nguvu yake ni pungufu kidogo, na hukaa palepale kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla. Ndiyo sababu ndani ya kifaa palikuwa na mahali pa kukiambia kimetiwa betri za aina gani. Karatasi ya maelekezo ilieleza yote hayo ukurasa wa tisa. Najat aliisoma mpaka ukurasa wa nne, unaoonyesha jinsi ya kufungua kifuniko, akaona yatosha.

Siku ya kwanza, betri zikiwa zimetoka kwenye chaja sasa hivi, kifaa kilichora kijipicha cha betri nusu tupu, na baada ya muda kikalia: tii, tii, betri zinaisha. Najat akaingiwa na hofu. Lakini kikafanya kazi siku nzima, na siku ya pili pia. Ndipo alipowaambia wenzake wasikijali, kidude hiki kinalia njaa na huku kimeshiba. Wakacheka sana. Ikawa ndiyo dhihaka ya kambi: mtu akiomba ubwabwa wa pili anaambiwa wewe unalia kama GPS. Ulipofika mwezi wa tano wa kazi yake hapakuwa na mtu wa kukitazama tena kile kijipicha.

Tena betri za kuchaji, hasa za bei rahisi, huvuja chaji hata zikiwa zimelala droweni. Safari hii ilikuwa ifanyike mwanzoni mwa Machi. Najat alichaji jozi zote, akazipanga vizuri. Kisha masika yakakata barabara, safari ikaahirishwa wiki sita, na siku ya kuondoka hakuna aliyekumbuka kuzichaji upya. Asubuhi ile GPS ililia kabla hawajapita jiko. Ililia tena kwenye kijito cha kwanza. Najat, aliyekuwa akiongea na Wilfred kuhusu chakula cha mchana, aliingia ndani ya kifaa na kuuzima mlio. Loh, mtu angeweza kulia.

Na kuna la panga. Mzee Asheri alikuwa na desturi ya watu wa msituni: kila hatua ishirini hukwaruza gome la mti, usawa wa bega, upande unaotazama nyumbani. Mwezi wake wa kwanza kazini Najat alimkataza. Alimwambia kwa heshima, "Baba, hii ni hifadhi, kila jeraha la mti ni mlango wa kuoza. Njia yetu iko humu ndani," akakigonga kile kifaa kwa kidole. Asheri hakubishana. Alilirudisha panga alani, na tangu hapo lilitoka kwa ajili ya kukata muwa tu.

Sasa turudi kwenye ukungu.

Walijaribu kufuata nyayo zao wenyewe. Mvua ilikuwa imezifuta. Dira walikuwa nayo, lakini dira hukuonyesha kaskazini iko wapi, haikwambii wewe uko wapi. Walitembea saa nzima wakiamini wanapanda kuelekea kambini, wakatokea mahali vijito viwili vinapokutana, mahali ambapo wote watatu waliapa hawajawahi kupaona. Asheri akasema bora wafuate maji. Kijito kikishuka vya kutosha kitawatoa kwenye mashamba ya watu. Yalikuwa maneno ya busara. Siku nyingine yangewafikisha.

Kijito kile kiliishia kwenye poromoko. Waliusikia mvumo wake lakini ukungu uliuzungusha pande zote, na Asheri, aliyetangulia, alikanyaga jiwe lenye kuvu. Hakupiga kelele. Najat alimwona yupo, kisha hakumwona, akasikia kishindo chini.

Walipomfikia, wakishuka kwa kushikilia mizizi, walimkuta ameketi ndani ya maji ya kufika kiunoni, amelishika goti lake kwa mikono miwili na kulitazama kwa mshangao. Chini ya goti la kulia, mguu ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo, na mfupa umetoka nje ya ngozi. Wakamvuta hadi kwenye kijukwaa cha mwamba. Wilfred alitaka kuunyoosha mguu. Asheri akamwambia auache.

"Usiurudishe mfupa ndani. Ufungeni ulivyo, halafu nitafutieni fito."

Najat akachana mtandio wake vipande, akafunika jeraha kwa kipande kisafi kuliko vyote na kukaza vingine pembeni yake mpaka damu ikawa ya kudondoka tu. Wilfred akakata fito mbili, wakazifunga huku na huku kwa kamba ya kukwelea. Maji yao ya kunywa yalikuwa chupa moja na nusu. Wakatandaza nailoni kukinga ya mvua. Chakula kilikuwa mihogo mitatu ya kuchemsha na machungwa ya Muheza, na Asheri hakutaka vyote viwili, alitaka maji tu.

Usiku ule ulikuwa mrefu na wa baridi, na hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba hakuna aliyelala. Najat alikaa nyuma ya Asheri, mgongo kwa mgongo, ili apate joto. Alizitoa betri ndani ya GPS, jozi ile ya asubuhi, akazifunga kwenye pindo la kanga na kuziweka kwapani. Mtu wa duka la vifaa pale Ngamiani, mjini Tanga, aliwahi kumwambia kwamba betri iliyochoka, ikipumzishwa na kupashwa joto, huweza kurudisha pumzi kidogo. Kidogo sana. Alikaa macho akipanga atakavyoitumia hiyo kidogo, na kila alipopanga alikumbuka kidole chake mwenyewe kikiuzima ule mlio.

Kulipopambazuka mguu wa Asheri ulikuwa umevimba, na midomo imepauka. Alianza kumwita Wilfred kwa jina la kaka yake yeye Asheri, aliyekwisha kufa. Wilfred akamvuta Najat pembeni.

"Leo tusipomtoa, hatutakuwa na mtu wa kumtoa."

Kumbeba wawili kupanda ule ukuta wa matope haikuwezekana. Walijaribu hatua kumi na Asheri akazirai. Lazima mmoja aende. Wilfred ndiye mwenye mbio, lakini ndiye pia aliyeweza kumnyanyua mjomba wake na kumgeuza, na mvua ikiongezeka, kumsogeza mbali na maji. Najat hakuweza. Basi ataenda Najat. Kwenda wapi, hilo ndilo lililokuwa swali.

Akapanda peke yake mpaka mahali mti mkubwa wa mhesi ulipoanguka na kuacha tundu la mbingu. Akatia betri zenye joto la kwapa. Kabla ya jambo lolote akaingia mahali pale pa ndani, palipoelezwa ukurasa wa tisa, akachagua betri za kuchaji. Kile kijipicha kikabadilika palepale: tupu, na ukingo mwekundu. Kwa mara ya kwanza tangu akijue, aliamini alichoambiwa. Akapunguza mwanga wa kioo hadi mwisho, akakinyanyua juu ya kichwa, akangoja. Setilaiti moja. Mbili. Akaanza kusoma Ayat al-Kursi. Tatu. Nne.

Ramani ikafunguka. Walikuwa wametembea kinyume kabisa. Kambi ilikuwa nyuma ya matuta mawili. Lakini upande wa kusini magharibi palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, njia ya gari ya shambani. Kilomita moja na mita mia nane. Najat akachomoa kalamu, akaandika kwenye mkono wake nyuzi za dira na kilomita: 230, 1.8. Alipoinua macho kuhakiki, kioo kilikuwa cheusi.

Akarudi kuwaaga. Asheri alikuwa na fahamu kidogo. Najat akainama, akafungua mkanda wa ala kiunoni mwake, akalichukua panga. Mzee akamtazama, na Najat akashindwa kumtazama.

Nani asiyejua alichokifanya huko njiani? Alikata. Kila hatua kumi alikata, si kukwaruza gome. Alikata mpaka weupe wa mti ukaonekana, kushoto na kulia. Alikata miti ileile aliyoajiriwa kuihesabu, na utomvu ukamrukia usoni. Alitazama dira, akachagua mti wa mbele, akaufuata, akaukata, akatazama dira tena. Mara mbili jabali lilimzuia, akazunguka akihesabu hatua kwa sauti ili asipoteze mstari. Upupu ulimwasha, miiba ikamchana mashavu. Kwenye mteremko wa pili alianguka na kuteleza kwa makalio kama mita kumi, panga likamkata kiganja, akakifunga kwa tonge la majani na soksi, akaendelea. Alikunywa maji yaliyokusanyika kwenye majani. Alilia pia, lakini huku akitembea, maana kusimama kulimwogopesha zaidi.

Baada ya saa nne akasikia harufu ya iliki. Kisha akaona miche yake chini ya miti, imepaliliwa, na mtu aliyeinama akipakia majani ya ng'ombe kwenye tenga. Mtu huyo aliitwa Noa. Alipomwona mwanamke kichwa wazi, damu mkononi na panga, alirudi nyuma hatua mbili. Najat akamwambia kuna mtu bondeni, mguu umevunjika, tangu jana mchana. Noa akauliza swali moja tu, kwamba njia itajulikanaje.

"Nimekata miti," Najat akasema. "Fuata palipokatwa."

Noa akapiga ukelele wa kuitana. Watu wa milimani wanalijua jambo hilo. Mgonjwa si wa mtu mmoja. Kufumba na kufumbua walikuwa wanaume kumi na tano, na machela ya mianzi na blanketi. Waliingia msituni karibu mbio, wakifuata ule weupe wa mti hadi mti, bila kupotea hata mara moja. Walimkuta Asheri angali hai, na Wilfred amelala juu yake kumkinga mvua. Walimpandisha kwa zamu, wanne wanne, na jua lilipokuwa linazama walikuwa wameshamlaza kwenye Land Rover ya shamba la chai, inateremka kwenda Muheza.

Hospitali walifanya walichoweza. Siku ya nne mguu ukaanza kuwa mweusi. Siku ya sita waliukata chini ya goti.

Najat alikwenda kumwona siku ya kumi na moja. Kabla ya hapo hakuweza. Ofisini Tanga bosi alikuwa ameshaandika taarifa: kifaa kiliharibika ghafla kutokana na unyevu, kiongozi wa safari alionyesha ujasiri. Wilfred alisimulia hivyohivyo kwa ndugu zake, na aliamini, maana hakujua kwamba ule mlio ulizimwa. Ilibaki Najat anyamaze tu. Hakuna ambaye angejua kamwe.

Alimkuta Asheri ameegemea mito karibu na dirisha, amekonda, ndevu nyeupe zimemwota. Mkewe, Elizabeti, alikuwa akimmenyea chungwa. Najat akatoa shikamoo kwa wote wawili, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Kabla hajafungua mdomo, mzee akaanza yeye.

"Mwanangu, nilikuwa nakungoja. Nisamehe. Mimi ndiye niliyesema tufuate maji."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kimya, hata kwa matusi ya mama yule. Kwa hili hakujiandaa. Akaeleza yote, bila kuruka: karatasi ya maelekezo, ile dhihaka ya kambi, betri zilizolala droweni wiki sita. Akafika kwenye mlio, akarudi nyuma, akaanza upya.

"Kumbe ilisema," Asheri akasema taratibu.

"Ilisema, baba. Tangu jikoni. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Elizabeti aliacha kumenya. Kisu kilibaki ndani ya ganda. Nje wauza machungwa walikuwa wakiita wateja stendi, na Asheri akaugeuzia uso dirishani kuwasikiliza. Alipougeuza tena haukuwa na ukali, wala haukuwa uso ule wa mwanzo. Najat akafungua mdomo kusema neno alilolibeba njia nzima kutoka Tanga, na mzee akainua kiganja kumzuia.

"Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia, nilikuwa najilaumu kila asubuhi. Lakini leo usiniombe msamaha. Leo vidole vinaniwasha, na havipo."

Najat hakuomba. Elizabeti alimaliza kumenya lile chungwa, akaligawa vipande vitatu, na cha tatu akamwekea mgeni kiganjani bila kumtazama. Walikula mpaka muuguzi alipopita kuwaambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.